Bega la Wavinya

Mpira wenyewe ulikuwa rahisi, wa juu, wa kupigwa bila hata kufikiri. Wavinya Musembi aliinua raketi kama alivyoiinua mara elfu na elfu maishani mwake, na kabla haijagusa mpira akasikia kitu kikiachia ndani ya bega lake la kulia, kama kamba ya ndoo inapokatika kisimani. Raketi ikamtoka mkononi. Upande wa pili wa wavu, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akicheza naye alibaki ameduwaa, hajui kama ashangilie alama aliyoipata au aite watu. Hayo yalitokea katika mji mmoja wa pwani ya Tunisia, kwenye kiwanja cha mwisho kabisa, karibu na mahali pa kuegesha magari. Watazamaji walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amesimama tu kufunga kamba za viatu.

Ndivyo yalivyo maisha ya mchezaji wa kulipwa anayeshika nafasi ya mia sita themanini na nne duniani. Watu wa nyumbani, wakisikia kwamba binti ya Kaluki wa Kalamba anacheza tenisi nchi za nje, walimwona akilini mwao kwenye viwanja vile vikubwa vya televisheni, amevaa nguo nyeupe, anashikiwa taulo. Wavinya hakuwahi kushikiwa taulo. Alijifulia soksi kwenye sinki za hoteli, alijifungia mwenyewe nyuzi za raketi, na alijifunza kulala kwenye viti vya viwanja vya ndege huku mkono mmoja umekumbatia begi. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Kuna wiki alizoshinda mechi mbili akajiona malkia, na kuna wiki alizovuka bara zima kwenda kushindwa asubuhi ya siku ya kwanza, akala chakula cha mchana peke yake, akapanga begi tena. Lakini aliupenda mchezo ule. Hilo ndilo jambo ambalo hakuweza kumweleza mtu: kwamba hata siku mbaya, mpira ukigonga katikati ya raketi, kitu fulani kifuani mwake kilikaa mahali pake.

Sasa daktari wa Nairobi alimwonyesha picha ya bega, akamwambia kwamba msuli umechanika. Hakukuwa na haja ya kupasuliwa, ila ungehitaji muda mrefu kupona. "Na huenda," akaongeza, akiyachagua maneno, "usipige tena sevu kama zamani."

Sevu ndiyo iliyokuwa silaha yake. Mengine yote aliyajua kwa kiasi, lakini akianzisha mpira yeye, hata wachezaji waliomzidi mbali walirudi nyuma hatua. Wavinya alimshukuru daktari, akalichukua begi, akaenda zake Kalamba.

Mama yake alikuwa mjane mwenye shamba la mbaazi na ndengu, na ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama kanisani. Hakuwahi kuona mechi ya tenisi hata moja.

"Huko ulishinda?" alimwuliza bintiye walipokuwa wakichuma mbaazi, Wavinya akitumia mkono wa kushoto.

"Nilikuwa naongoza, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mimi nimeuliza kama ulishinda."

"Sikushinda."

Kaluki akaendelea kuchuma. "Na bega linasemaje?"

"Linasema ningoje."

"Basi ngoja. Lakini mbaazi hazingoji. Sogea upande huu."

Jumapili pasta alimwita mbele, waumini wakamwombea. Akina mama wa kwaya waliliwekea bega mikono mpaka likauma. Baada ya ibada mmoja wao akamvuta kando, akamwambia kwa upole wote kwamba pengine Mungu alikuwa anamkumbusha kuna kuolewa pia. Wavinya alitabasamu, kwa sababu mama yule hakuwa na nia mbaya. Kulikuwa na shule ya wasichana karibu na Salama iliyomtaka awe mwalimu wa michezo. Ilikuwa kazi nzuri, na karibu na nyumbani. Alisema ataifikiria, na kila alipoifikiria alijihisi kama mtu aliyevishwa nguo ya mwenzake.

Kiangazi kilikaza. Pampu ndogo ya Kaluki, ile ya kuvuta maji ya mtoni kwenda kwenye sukuma wiki, ikaanza kuvuja.

"Nenda Emali," Kaluki akasema. "Kuna lile duka la vipuri karibu na stesheni, la yule Mkikuyu aliyekufa. Siku hizi linaendeshwa na binti yake."

Wavinya alilijua duka hilo. Alimjua na binti mwenyewe. Ndiyo maana kwa miaka yote, kila alipopita Emali, alikuwa akitembea upande wa pili wa barabara.

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa ameinamia katoni ya filta za malori.

"Nikupatie nini?" aliuliza bila kutazama.

"Sili ya pampu ya maji. Inchi mbili."

"Ya Kijapani ama ya Kichina?"

"Ya Kichina."

Hapo mwanamke yule akainua kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia wimbo wa zamani ukipigwa mbali. Wakatazamana.

"Wavinya wa Mwalimu Kitheka," akasema.

"Wacuka."

Mwalimu Kitheka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuta nyuma ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli kiwanja cha tenisi kilichosahauliwa. Aling'oa magugu, akashona wavu kwa magunia, akaombaomba raketi za mitumba, akawaita watoto wa Emali. Wengi walikuja wakachoka. Wawili walibaki: Wavinya, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake pale mjini, na Wacuka, binti ya mwenye duka la vipuri. Na ukweli, ambao Wavinya aliujua vizuri kuliko mtu yeyote, ni kwamba Wacuka ndiye aliyekuwa bora. Wavinya alikuwa na nguvu. Wacuka alikuwa na mikono. Akisimama karibu na wavu, mipira ilikuwa kama inamjua.

Wote wawili walipata nafasi za kusoma Marekani kwa sababu ya tenisi. Mwezi uleule baba yake Wacuka akafa ghafla, akaacha duka na wadogo zake Wacuka ambao hakuna aliyekuwa amemaliza shule. Wavinya alipanda ndege peke yake. Kwa muda walipigiana simu. Halafu wakaacha, si kwa ugomvi, bali kwa sababu kila mmoja alikuwa na habari ambazo zingemuumiza mwenzake.

"Huwa nakuona kwenye simu," Wacuka akasema, akiifuta mikono kwa kitambaa cha grisi. "Kila Jumatatu wanatoa orodha ya dunia nzima. Huwa nakutafuta."

"Kila Jumatatu?"

"Jumatatu hakuna wateja wengi." Akacheka kidogo. "Umekuwa ukishuka. Nikajua kuna kitu."

Wavinya akagusa bega. "Hili hapa."

Wacuka alimtazama bega, kisha mkono, kama anavyotazama kipuri kilicholetwa na mteja. "Linapiga mpira?"

"Wa kawaida, nadhani. Sevu hapana."

"Jumapili baada ya kanisa nitakuwa kiwanjani," Wacuka akasema. "Sijasema uje. Nimesema tu nitakuwa pale." Akamfungia sili kwenye gazeti.

Kiwanja kilikuwepo bado. Saruji ilikuwa imepasuka, na upande mmoja watu walianika mahindi, ikabidi wayasogeze kwanza. Wacuka alikuja na mumewe Mbugua, fundi wa malori asiye na maneno mengi, na binti yao mdogo, Sandra. Alikuwa na raketi moja ya zamani iliyokuwa imekaa kwenye rafu nyuma ya betri. Wakaanza polepole, wakirudishiana mpira kama watu wanaosalimiana, Wavinya akimsimulia yale ya Tunisia na watazamaji wake watatu. Halafu Wacuka akavua viatu, akasogea mpaka karibu na wavu.

"Nipigie."

"Nipige vipi?"

"Vile unavyowapiga wazungu."

Wavinya akapiga. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Kila mpira uliofika kwa Wacuka ulikufa pale pale, ukaanguka nyuma ya wavu taratibu kama tunda lililoiva. Alikuwa na kiuno kipana kuliko zamani na pumzi fupi, lakini mikono ilikuwa ileile. Wavinya akasisimka mwili mzima. Alikuwa amecheza na wasichana wa nchi zisizo na idadi, na wachache mno kati yao wangeweza kufanya kile ambacho mwanamke huyu alikuwa akikifanya pekupeku juu ya saruji iliyopasuka.

Kisha akajaribu sevu. Mkono ulifika usawa wa sikio ukakataa.

"Basi ianzishe kutoka chini," Wacuka akasema.

"Kama mtoto?"

"Kama mtu mwenye bega bovu. Sheria si inaruhusu?"

"Inaruhusu. Lakini watu watanicheka."

"Watu gani? Si ulisema huwa watatu?"

Walicheka mpaka Wacuka akakaa chini. Kicheko kilipoisha, Wavinya alikuwa bado anamtazama.

"Wacuka, tucheze wawili wawili. Mimi nyuma, wewe kwenye wavu. Mwezi wa kwanza kuna mashindano Nairobi, wiki mbili mfululizo. Wenyeji huwa wanawekewa nafasi."

"Wewe, nina miaka ishirini na tisa. Nina mtoto. Nina duka." Wacuka alitarajia Wavinya acheke tena, na alipoona hacheki, akageuka kumtafuta mumewe.

Mbugua alikuwa akiokota mipira na Sandra. "Usiniangalie mimi," akasema. "Hiyo raketi nimeipangusa vumbi tangu tuoane. Nilikuwa nangoja tu kujua ni ya kazi gani."

Basi wakaanza. Asubuhi kabla ya duka kufunguliwa, na Jumapili mchana, saruji ya reli ilisikia viatu vyao. Wavinya alirudi kwa shangazi yake, na kila baada ya muda akawa anakwenda Kitui kwa mwanamke mmoja mtaalamu wa viungo, aliyemnyoosha bega huku akimhadithia habari za ng'ombe wake. Bega likaanza kukubali. Mwisho wa mwaka aliweza kupiga sevu ya nusu nguvu, kwa muda, kabla halijakaza. Shule ya Salama ilipompigia simu, aliomba radhi, akasema si sasa. Akashangaa jinsi maneno hayo yalivyotoka kwa wepesi.

Wiki ya kwanza ya Nairobi waliaibika.

Walipangwa na wasichana wawili wa Afrika Kusini, wadogo, wepesi, wenye kofia zinazofanana. Wacuka aliingia kiwanjani akitazama miguu yake. Hakuna mpira aliousogelea. Yule mwanamke wa Emali aliyekuwa akiua mipira kwenye wavu alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka wote wawili wakawa wamesimama kwenye mstari wa mwisho kama watu wanaongoja basi. Mechi iliisha kabla jua halijapanda vizuri. Walipata gemu moja katika kila seti.

Kwenye maegesho, Wacuka alitupa begi ndani ya gari.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua nini?"

"Kwamba watanifanya hivi. Wewe umezoea, unashindwa unaoga unaenda zako. Mimi ninauza filta, Wavinya. Kule kila mtu akija ananiuliza kitu ninakijua. Leo nimesimama mbele ya watu nikawa sijui hata mikono niweke wapi."

"Ni mechi ya kwanza tu. Hata mimi ya kwanza—"

"Ya kwanza ulicheza ukiwa na miaka ishirini na mbili."

Hapo Wavinya akakasirika, na kwa hasira akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema: "Basi rudi ukaangalie jina langu Jumatatu!"

Lilipomtoka tu, akatamani kulirudisha. Wacuka aliingia garini, akafunga mlango kwa utaratibu, na gari likaondoka. Wavinya akabaki ameshika raketi mbili, yake na ya mwenzake.

Mashindano ya wiki ya pili yalikuwa yanaanza, na majina yalitakiwa Jumatatu. Wasichana wengine walimfuata wakitaka acheze nao. Mmoja alikuwa Mtaliano wa nafasi nzuri kabisa. Wavinya akamwambia atamjibu. Jumapili akapanda treni mpaka Emali, si kumshawishi Wacuka, maana aliona hana haki hiyo tena, bali kumrudishia raketi yake na kumwomba msamaha uso kwa uso.

Duka lilikuwa limefungwa. Alipokaribia nyumba za reli akasikia mlio anaoujua. Akachungulia.

Wacuka alikuwa amesimama karibu na wavu, ameazima raketi ya watoto wa shule, jasho linamtiririka. Upande wa pili alikuwa Mbugua, bado na suruali ya kanisani, akiipiga mipira kwa raketi iliyokosa nyuzi mbili, akiipiga vibaya na kwa nguvu zote za fundi wa malori, mmoja huku na mwingine kule, na kila uliokaribia Wacuka aliurukia. Mmoja ulimpiga kifuani. Hakurudi nyuma.

"Mwingine!" akapaza sauti.

"Wacu, kidole changu kimevimba," Mbugua akalalamika.

"Mwingine!"

Sandra ndiye aliyemwona mgeni, akamkimbilia. Wacuka akageuka. Wavinya akasogea mpaka kwenye wavu wa magunia.

"Nimekuletea raketi," Wavinya akasema. "Na nimekuja kukuomba msamaha. Lile neno halikuwa la kusema."

"Lilikuwa la kweli." Wacuka alijipangusa uso kwa kanga. "Nimelifikiria wiki nzima dukani. Watu wananiuliza bei, mimi niko Nairobi. Wale wasichana hawakunishinda, Wavinya. Mimi ndiye nilienda kujificha nyuma, kama nimeajiriwa kulinda lango." Akanyoosha mkono. "Lete raketi yangu. Hii ni nyepesi kama mwiko."

Wavinya alimpa. Kisha akatoa simu, akamwandikia yule Mtaliano kwamba ameshapata mwenzake.

Wiki ya pili waliingia kiwanjani mmoja akiwa amebadilika na mwingine akiwa anaumwa. Raundi ya kwanza walishinda kwa shida. Ya pili walishinda kwa raha, Wacuka akichokora mipira kwenye wavu huku akijisemea Kikuyu, mpaka refa akamwomba apunguze sauti. Lakini kila mechi ilikula bega la Wavinya. Walipofika nusu fainali, dhidi ya Mfaransa mrefu na mwenzake Mserbia waliokuwa wakitajwa kuwa ndio watakaochukua kikombe, mkono wake ulianza kukataa tangu seti ya kwanza. Wakaipoteza hiyo. Ya pili wakaipata, bila mtu kuelewa vizuri wameipataje. Ya tatu katika mchezo wa wawili wawili haichezwi yote. Huhesabiwa alama mpaka kumi, na timu inayofika kwanza ikiwa mbele kwa alama mbili, basi, imeshinda.

Ilifika tisa kwa nane, Wavinya na Wacuka wakiongoza, na zamu ya kuanzisha ilikuwa ya Wavinya. Alirusha mpira juu kujaribu, akaudaka tena. Bega lilikuwa kama mlango uliopigwa misumari. Akamwita Wacuka kwa kichwa, wakanong'onezana huku wamefunika midomo kwa raketi.

"Halipandi," Wavinya akasema.

"Basi lisipande."

"Watacheka."

"Wacha wacheke. Mimi nitakuwa pale mbele nawangoja."

Wavinya akarudi kwenye mstari. Yule Mfaransa alikuwa amesimama mbali nyuma, akingoja sevu. Wavinya akaushusha mpira, na kwa mkono wa chini, kama mtu anayemwagia kuku mtama, akaukata ubavuni. Mpira ukapaa polepole, ukavuka wavu kwa kiasi cha kiganja, ukadunda na kujipinda kwenda pembeni. Kuna mtu alicheka kweli. Mfaransa alikimbia mbio zote akiwa ameinama, akaufikia ukikaribia kudunda mara ya pili, akausukuma upite katikati. Katikati alikuwepo Wacuka. Hakupiga hata kwa nguvu. Aliugusa tu, ukaanguka upande usio na mtu.

Kelele zikalipuka. Mfaransa alikwenda kwa refa akiuliza kama hiyo inakubaliwa, na refa akaitikia kwa kichwa kwamba inakubaliwa tangu zamani. Wacuka alikuwa bado amesimama pale pale kwenye wavu, ameshika raketi kwa mikono miwili. Wavinya alimwendea. Hawakurukaruka. Waliegemeana tu, kama watu waliobeba mzigo mrefu na kuutua.

Kwenye fainali Kaluki alikuja. Mbugua alimpitia Kalamba, wakapanda treni ya asubuhi Emali pamoja na Sandra, Kaluki akiwa na kofia yake ya sherehe za kanisa na chupa ya chai. Walipewa viti vya mbele. Alipiga makofi mpinzani alipokosea, akaambiwa si heshima. Alipiga vigelegele katikati ya mchezo, akaambiwa anyamaze. "Huu ni mchezo ama mazishi?" akamwuliza Mbugua kwa sauti iliyosikika mpaka kiwanjani, na Wavinya akakosa sevu kwa kicheko.

Wapinzani walikuwa wale wasichana wa kofia zinazofanana. Safari hii hawakupata kusherehekea mapema. Seti moja huku, moja kule. Katika zile alama za mwisho Wavinya na Wacuka walitangulia, wakafikiwa, wakapitwa. Wacuka aliokoa mpira mmoja akiwa amepiga magoti, watu wakasimama. Ukafuata mwingine uliogonga ukingo wa wavu, ukafikiria, ukaangukia upande wao. Kumi kwa nane. Wameshindwa.

Walipotoka, Kaluki alikuwa akiwangojea na vikombe vya chai.

"Mmeshindwa?" akauliza.

"Tumeshindwa, mwaitu."

Kaluki akawatazama mmoja mmoja. "Mbona basi mnacheka?"

Wacuka alipokea chai kwa mikono miwili, akanywa, akasema, "Mama, yule wa kushoto huwa anasogea mapema. Nimemwona dakika za mwisho. Tukipata tena nafasi, ninampitisha mpira nyuma yake."

"Sasa unaongea kama mchezaji," Wavinya akasema.

"Mimi ninaongea kama mtu aliyekasirika."

Kaluki alimmiminia tena. Baadaye, walipokuwa wakienda kupanda treni, alimvuta binti yake nyuma kidogo, akalishika lile bega kwa kidole kimoja, taratibu. "Nilikuwa nikiomba upone urudi nyumbani," akasema. "Nitabadilisha ombi." Kisha akaharakisha kumfuata Sandra.

Orodha mpya ya mchezo wa wawili wawili ilipotoka, Wavinya alikuwa pale dukani, amekaa juu ya katoni. Dereva mmoja wa lori alikuwa akitaka mkanda wa feni na Wacuka alikuwa akibishana naye juu ya ukubwa. Wavinya akashusha kidole kwenye kioo cha simu, akipita majina mamia ya wanawake wa nchi zote, wanaojifulia soksi kwenye sinki kama yeye. Akajiona, amepanda. Akaendelea kushuka, chini zaidi, kisha akasimama. Akaiweka simu juu ya kaunta, kati ya mkanda wa feni na mikono ya Wacuka.

Wacuka alisoma. Akasoma tena, midomo ikitamka jina lake mwenyewe na la nchi yake, na namba iliyokuwa kando: elfu moja na kitu. Kwa mtu mwingine ingekuwa namba ya kusikitisha. Dereva akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," Wacuka akasema. "Chukua huo mkanda. Ukikataa kuingia, urudishe."

Mashindano yaliyofuata yalikuwa Harare, na Wacuka hakuwahi kuwa na pasipoti. Basi siku moja walifunga duka mchana, Mbugua akabandika karatasi mlangoni kwamba wanarudi sasa hivi, wakaenda wote wanne kwenye studio ya picha ng'ambo ya barabara kuu. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye masihara. Alimkalisha Wacuka mbele ya kitambaa cheupe, akamnyoosha kola.

"Angalia hapa. Usicheke, mama. Pasipoti hawataki meno."

Wacuka akakaza uso. Mpiga picha akainama, akainuka.

"Umecheka."

"Sijacheka."

"Umecheka, tazama." Akamwonyesha. Sandra akasema ni kweli, amecheka. Wacuka akakaza tena, akavuta pumzi, akaweka uso aliowawekea wateja wanaotaka kukopeshwa. Ulikaa kidogo tu, ukaanza kumponyoka pembeni mwa mdomo. Mpiga picha akashusha kamera, akavuta kiti, akakaa kungoja.